Urahisishaji wa Sehemu za Aljebra Zenye Vipeuo vya Pili: Kanuni na Mipaka Yake

Utangulizi

Katika ufundishaji wa aljebra, mwanafunzi huelekezwa kuwa jibu halijakamilika iwapo kipeuo cha pili kimebaki katika asili ya sehemu. Kanuni hiyo ina manufaa ya wazi kwa anayekokotoa kwa mkono. Kugawanya 1 kwa 1.4142 ni kazi ndefu. Lakini 1/√2 ikiandikwa √2/2, kinachobaki ni kugawanya 1.4142 kwa 2, na jibu 0.7071 hupatikana mara moja. Hata hivyo, makala haya yanaonyesha kuwa kuondoa kipeuo katika asili ni nyenzo ya urahisishaji, wala si lengo lake.

Msingi wa mbinu

Asili yenye umbo √a + b huzidishwa kwa √a − b. Kiasi nacho huzidishwa kwa √a − b ili thamani ya sehemu isibadilike. Kwa mujibu wa tofauti ya miraba miwili, zao la asili huwa a − b², ambalo halina tena kipeuo cha a. Kwa mfano, 1/(√5 + 2) huwa (√5 − 2)/(5 − 4), yaani √5 − 2.

Sehemu iliyo ndani ya sehemu

Ichukuliwe sehemu ifuatayo, ambapo x ni kubwa kuliko 0 na si sawa na 9:

(1/√x − 1/3) / (x − 9)

Hatua ya kwanza ni kuunganisha sehemu mbili zilizo katika kiasi. Asili yake ya pamoja ni 3√x, hivyo kiasi huwa (3 − √x)/(3√x). Hatua ya pili ni kutambua kuwa x − 9 ni tofauti ya miraba miwili, yaani (√x − 3)(√x + 3). Hatua ya tatu ni kuandika 3 − √x kuwa −(√x − 3), kisha kufuta √x − 3 juu na chini. Alama ya kutoa ikisahauliwa hapa, jibu lote hugeuka. Matokeo ni:

−1 / [3√x(√x + 3)]

Uhakiki hufanywa kwa namba. Iwapo x = 4, sehemu ya awali hutoa (1/2 − 1/3)/(−5), ambayo ni −1/30; umbo lililorahisishwa nalo hutoa −1/(6 × 5), yaani −1/30.

Mipaka ya kanuni

Jibu hilo bado lina vipeuo katika asili. Kanuni ikifuatwa bila kutafakari, kiasi na asili vitazidishwa kwa √x(√x − 3), na matokeo yatakuwa (3√x − x)/[3x(x − 9)]. Asili sasa haina kipeuo, lakini x − 9 iliyokwisha kufutwa imerejea.

Athari yake huonekana x inapokaribia 9. Iwapo x = 9.0001 na kila hatua ikakadiriwa kwa nafasi nne za desimali, 1/√x na 1/3 zote huwa 0.3333; tofauti yake ni 0, na sehemu ya awali hutoa jibu 0. Umbo lenye x − 9 lililopatikana baadaye nalo hupotoka vivyo hivyo, kwa kuwa √x hukadiriwa kuwa 3.0000 na kiasi kubadilika kuwa 9.0000 − 9.0001. Umbo la −1/[3√x(√x + 3)] hutoa −0.0185, ambalo ndilo jibu sahihi kwa kiwango hicho cha ukadiriaji.

Hitimisho

Umbo rahisi ni lile linaloondoa kigawo kinachoweza kuwa sifuri juu na chini kwa pamoja, hata kama kipeuo kinabaki katika asili. Sharti kwamba x si sawa na 9 halifutiki pamoja na kigawo hicho. Linapaswa kuandikwa kando ya jibu, kwa kuwa sehemu ya awali haina thamani hapo.