Nyumba Inayobana Umeme Inauzwaje?

Nikienda kuthamini nyumba Dar es Salaam, napenda kufika saa kumi alasiri, niweke kiganja kwenye ukuta wa magharibi. Ukiwa wa moto, najua kiyoyozi kitanguruma mpaka usiku wa manane. Siku moja niligusa ukuta wa vuguvugu tu: upenu ulitoka mita moja na nusu, mwarobaini umefunika dirisha, na ndani hamkuwa na kiyoyozi.

“Mwanangu, kivuli hiki hukihesabu?” mama mwenye nyumba aliniuliza.

“Nakiona, mama, ila sina nyumba ya kukilinganisha nayo.”

Shida iko hapo. Mthamini hutazama nyumba za jirani zilizouzwa karibuni: kiwanja, hati, barabara, idadi ya vyumba. Ubaridi hauna safu kwenye jedwali lake. Uingereza na Wales, tangu 2007, anayeuza nyumba hutakiwa kuwa na cheti cha nishati chenye daraja, A hadi G, kinachodumu miaka 10. Mnunuzi huliona daraja hilo kabla hajafunguliwa mlango. Kwetu kuna cheti cha hiari cha EDGE, kilichobuniwa na IFC ya Kundi la Benki ya Dunia. Jengo hukipata likiokoa angalau asilimia 20 ya nishati na ya maji, na kiasi hicho pia kwenye vifaa vyake vya ujenzi.

Kuhusu gharama, wengi huanzia mwisho: wanakimbilia sola. Betri huchakaa, na mnunuzi mjanja atauliza zimebakiza miaka mingapi, kisha akate bei. Lakini kuilaza nyumba pande zake ndefu zitazame kaskazini na kusini hakuongezi hata shilingi, mradi uamue kabla ya kuchimba msingi. Upenu mpana ni mabati na mbao za ziada. Dari yenye nafasi ya kupitisha hewa chini ya bati huzuia joto la paa, na hapa kwetu jua la utosini hupiga paa kuliko ukuta wowote. Vitu hivyo havifunguliwi kwa bisibisi mwenye nyumba akihama.

Nilimwomba yule mama risiti zake za umeme. Akanipa simu: ujumbe wa kununua umeme wa LUKU wa miezi 14, kila mmoja na yuniti zake. Nikakaa barazani, nikaziandika zote kwenye ripoti, mwezi kwa mwezi.