Makaa Yaliyosubiri Waya

Dizeli inayofika Ilemba imeshuka mlima. Inapakiwa Sumbawanga kwenye madumu, inateremka ukingo wa Lyambalyamfipa mpaka huku bonde la Ziwa Rukwa, karibu mita elfu moja chini ya mji, na kila kona ya barabara inadai chake kwenye bei. Nina mashine ya kukoboa mpunga hapa, niliyoachiwa na marehemu mume wangu pamoja na daftari la wadaiwa wake. Kwa hiyo habari za nishati kwangu hazianzii kwenye mikutano ya dunia, zinaanzia kwenye dumu.

Ukifika msimu wa mavuno, foleni inaanza alfajiri: mikokoteni ya ng'ombe ya wafugaji wa Kisukuma, toyo zilizopakiwa hadi zinainama, kina mama na vijigunia vyao vya mpunga wa kula wiki hiyo. Injini yangu ni ya nguvu za farasi ishirini, na ikiwa kazini inakunywa kama lita nne kwa saa. Kwa bei za huku bondeni hiyo ni zaidi ya shilingi elfu kumi na moja. Mota ya umeme yenye nguvu hiyo hiyo inakula uniti kumi na tano kwa saa. Kwa bei ya biashara ndogo, yaani kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, inakuwa elfu tano na mia tatu na kitu. Nusu ya gharama, bila moshi wala kelele. Tatizo ni kwamba mota ya ukubwa huo inataka umeme wa njia tatu, na waya unaopita kwenye vitongoji vingi vya vijijini ni wa njia moja. Njia moja inawasha taa, televisheni na friji la soda. Mpunga haikoboi.

Nimeitanguliza hesabu hii kwa sababu wanaobishana kama nchi maskini ijenge mitambo ya makaa ya mawe au ikimbilie jua na upepo, mara nyingi hawaulizi huo umeme ni wa kufanyia nini.

Makaa tunayo. Namwele, Mkomolo na Muze ni majina yaliyokuwa kwenye ramani za wanajiolojia tangu enzi za ukoloni. Ni mabaki ya mimea ya vinamasi vya zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, iliyofukiwa ikagandamizwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni ya Uingereza, Edenville Energy, ilishika leseni, ikatoboa na kupima, kisha ikatangaza mpango wa mtambo wa kufua umeme wa megawati 120 kwa kuanzia, baadaye 300. Kumbuka hali ilivyokuwa. Mkoa wa Rukwa ulikuwa nje ya Gridi ya Taifa. Sumbawanga yote iliishi kwa megawati chache, nyingine zikitoka Zambia kwa waya unaovuka mpaka kutokea Mbala, nyingine zikifuliwa kwa majenereta ya dizeli. Mtu aliyezoea hali hiyo ukimtajia megawati 120 anaona mji umegeuka Johannesburg. Watu wa juu, Ufipa penyewe, walianza kuhesabu ajira. Sisi wa bondeni tulihesabu taa.

Mtambo wa makaa, ukiuvua majina yake ya kitaalamu, ni birika kubwa. Makaa yanasagwa kuwa unga, unga unachomwa, maji yanachemka, mvuke unasukuma tabaini, tabaini inazungusha jenereta. Kisha mvuke lazima upozwe urudi kuwa maji, na hapo ndipo watu wa bondeni tunapotega sikio. Kilo moja ya makaa inatoa kama uniti mbili. Makaa yenye majivu mengi kama ya kwetu, ambayo mgodi ulilazimika kuyafungia mtambo wa kuyaosha, hutoa pungufu ya hapo. Megawati 120 zikifanya kazi usiku na mchana ni uniti karibu milioni tatu kwa siku, kwa hiyo tani 1,400 na zaidi za makaa kila siku: malori karibu hamsini ya tani thelathini. Maji ya kupozea, kwa mtindo wa kawaida wa minara, yanafika kama lita milioni tano au sita kwa siku. Ipo mitambo inayopozwa kwa upepo, ila ni ghali zaidi na inapoteza sehemu ya umeme wake. Mito inayoporomoka kutoka juu ndiyo inayonywesha mpunga wetu, skimu ya Sakalilo ikiwemo. Ziwa Rukwa lenyewe halina mahali pa kutokea. Kinachoingia humo hukaa humo.

Mgodi ulifunguliwa, makaa kiasi yakauzwa kwa viwanda. Mtambo haukujengwa. Kampuni yenyewe ilibadilisha jina ikawa Shuka Minerals.

Kuna wanaodhani tulinyimwa na wazungu wa mazingira. Mimi naona tulikwamia kwenye waya. Mtu hakopeshwi mamilioni ya dola ajenge megawati 120 katika mkoa unaotumia chache. Lazima awe na pa kuuzia zilizobaki, yaani laini kubwa ya kuupeleka umeme kwingine. Laini haikuwepo. Siku moja nilimuuliza fundi wangu wa mota, kijana ambaye ameufunga umeme wa nusu ya maduka ya hapa, kwa nini mambo yalilala.

"Mama, mtambo usio na laini ni jenereta tu. Jenereta kubwa."

"Na laini ikija?"

"Ikija, itakuja na umeme wake tayari. Makaa utayapeleka wapi?"

Laini inajengwa. Ni ya kilovolti 400, kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, na Benki ya Dunia iliidhinisha fedha zake mwaka 2018 ili Tanzania iungane na Zambia. Nyuma yake kuna Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115 kwa mashine tisa, ya kwanza ikiwa imewashwa mwanzoni mwa 2024. Pasaka ya mwaka huo mitambo kadhaa ya maji ilizimwa kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Nchi iliyozoea mgao ilipata habari ya umeme kuzidi, na watu hawakujua wacheke au watukane. Kwa hiyo ile laini ambayo makaa ya Rukwa yaliisubiri kwa miaka ndiyo hiyo hiyo itakayoyafanya yasihitajike.

Makaa yetu hayako peke yake katika kusubiri. Kiwira, ng'ambo ya Mbeya, ilijengwa kwa msaada wa Wachina miaka ya 1980 na kuwa na kituo chake cha megawati sita. Ikabinafsishwa mwaka 2005 kwa kampuni iliyohusishwa na vigogo wa serikali ya wakati huo, ikawa kashfa, ikarudi serikalini. Zile ndoto za megawati 200 zikabaki kwenye makabrasha. Mchuchuma huko Ludewa ilisainiwa mwaka 2011 na Sichuan Hongda ya China: megawati 600 pamoja na chuma cha Liganga. Haijafua hata uniti moja. Nao Wakenya walitaka megawati 1,050 pale Kwasasi, Lamu, tena kwa makaa ambayo mwanzoni yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Wavuvi na wenyeji wa Lamu wakapinga, na Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira la Kenya likafuta leseni kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka uliofuata benki ya China, ICBC, ikajitoa. Septemba 2021 Rais Xi Jinping akatangaza kwenye Umoja wa Mataifa kwamba China haitajenga tena mitambo mipya ya makaa nje ya nchi yake. Mlango mkubwa wa mikopo ukafungwa hapo.

Hasira naielewa. Mmarekani mmoja anatoa hewa ya ukaa zaidi ya mara arobaini ya Mtanzania mmoja, halafu sisi ndio tunaoambiwa tubane. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipokata nishati ya Urusi, wanunuzi wa Ulaya waliyafuata makaa ya Ruvuma mpaka bandari ya Mtwara. Yaani makaa yetu ni machafu tukiyachoma Songea, yanatakata yakivuka bahari. Mwenye kusema hayo barazani namuunga mkono kwa asilimia mia.

Ila hasira haikoboi mpunga. Na hesabu moja ilinishangaza nilipoifanya mwenyewe. Uniti moja ya umeme wa makaa hutoa karibu kilo moja ya hewa ya ukaa. Saa moja ya mota yangu ingekuwa kilo kumi na tano. Injini yangu ya dizeli, pamoja na moshi wake mweusi wote, hutoa kama kilo kumi na moja. Ningehama kutoka dizeli kwenda makaa ningepunguza gharama na kelele, huku nikiongeza kile kinachosemwa kinavuruga mvua, nami nimepanga foleni yangu yote juu ya mvua.

Wapo watakaoniambia maji nayo ni mvua. Kweli. Mwaka 2024 ukame uliipiga Zambia, Kariba ikashuka, na Wazambia wakakaa gizani saa nyingi za siku. Kilichowasaidia ni mtambo wao wa makaa wa Maamba, megawati 300. Hoja hiyo ni nzito na siwezi kuikanyaga. Nyumba za Sumbawanga zilizowashwa kwa umeme wa Zambia huenda nazo zimeonja makaa ya Maamba bila kujua. Lakini Tanzania nyuma ya maji ina gesi: ile ya Songo Songo inafua umeme tangu 2004, na mitambo ya Kinyerezi ipo. Gesi hutoa kama nusu ya ukaa wa makaa kwa uniti. Na jua likiunganishwa na bwawa kazi inakuwa nyepesi: mchana jua linabeba mzigo, maji yanabaki bwawani, usiku yanafunguliwa. Ndiyo maana mradi wa jua wa Kishapu, Shinyanga, megawati 150 ukikamilika, una maana kubwa kuliko ukubwa wake.

Sola za mapaani hapa Ilemba zinastahili heshima yake. Zilikuja kabla ya nguzo, zikafukuza koroboi, zikachaji simu. Wauzaji waliposema zimemaliza tatizo la umeme vijijini, hapo walitia chumvi. Paneli ya kibandani haizungushi mota, na mwanakijiji asiambiwe taa mbili ndizo fungu lake la maendeleo kwa vile kwao jua ni kali.

Chanzo ninachokionea huruma kwa kusahaulika ni mlima wenyewe. Maji yanayoshuka karibu mita elfu moja yana nguvu hata yakiwa kijito. Misheni ya Kaengesa, huko juu, ilifunga mtambo mdogo wa maji wa kilowati 44 miaka ya 1960. Kilowati 44 ni mashine mbili kama yangu na chenji inabaki. Kiangazi vijito hunywea, najua, lakini sisi hukoboa zaidi Mei mpaka Julai, mvua zikiwa zimetoka kuisha.

Jikoni ndiko ambako makaa ya mawe pengine yana kazi. Ufipa ilikuwa nchi ya wahunzi. Tanuri zao ndefu za udongo, malungu, zilivuta upepo zenyewe na kuyeyusha chuma kwa mkaa wa miti, na misitu ililipa gharama. Leo misitu hiyo hiyo, Mbizi na masalia yake, inalipa kwa ajili ya ugali. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia zilishaamriwa kuacha kuni na mkaa. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, linatengeneza mkaa wa vitofali kutokana na makaa ya mawe, unaitwa Rafiki Briquettes. Mhandisi wa mazingira wa Ulaya akisikia atakunja uso. Mimi naona bora shule ya bweni ipikie huo kuliko kuumaliza mlima, mpaka gesi iweze kushuka Muze kwa bei ya kibinadamu.

Kuhusu mashine, wenye kukoboa wanne hapa tumekubaliana kuomba njia tatu kwa barua moja. Mota nne za kilowati kumi na tano ni kilowati sitini, transfoma moja ya kVA 100 inatosha na fundi akabakiwa na nafasi ya karakana yake ya kuchomelea. Watatu tumesaini. Wa nne anasema hana haraka, anangoja makaa ya Muze.