Achari, ukwaju na birimbi: Mgonjwa wa figo achague nini?

CHAKULA cha mwenyeji wa Mji wa Kale, Mombasa, hakikamiliki bila kikolezo cha pembeni. Pilau huandamana na kachumbari na pilipili ya kusaga, viazi karai huchovywa katika chatne ya ukwaju, nao wali wa nazi hungoja achari. Kwa mwenye maradhi sugu ya figo, vijiko hivyo vidogo aghalabu ndivyo vinavyoharibu hesabu ya siku nzima.

Figo zilizodhoofika hushindwa kutoa chumvi na potasiamu ya ziada. Chumvi ikizidi, maji husalia mwilini, miguu huvimba na shinikizo la damu hupanda. Potasiamu ikizidi, mapigo ya moyo huvurugika, na hilo laweza kuua ghafla.

Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Kijiko kikubwa cha sosi ya soya peke yake hubeba karibu nusu ya kiwango hicho. Achari ya maembe nayo hukaa miezi bila kuoza kwa sababu ya chumvi hiyo hiyo, kwa hivyo ni ya kuonjwa tu, ikiwa hapana budi.

Ukwaju hauna chumvi, lakini gramu 100 za nyama yake zina takriban miligramu 600 za potasiamu, kupita ndizi mbivu. Hata hivyo, si kila mgonjwa anayekatazwa potasiamu. Kipimo cha damu ndicho kinachoamua.

Linalotisha zaidi ni birimbi, ambalo wengi hulidhania halina madhara. Tunda hili lina asidi ya oksaliki kwa wingi, ambayo hugandamana na kalisi na kuziba mirija ya figo. Katika jimbo la Kerala, India, madaktari walieleza mwaka wa 2013 habari za watu 10 waliougua figo ghafla baada ya kunywa maji ya birimbi. 7 kati yao walilazimika kusafishwa damu kwa mashine. Mwenye figo dhaifu na aliache kabisa, hata katika achari.

Aidha, ile chumvi inayouzwa kuwa na sodiamu kidogo mara nyingi hutiwa potasiamu badala yake. Mgonjwa asiinunue kabla ya kumuuliza daktari.

Vilivyobaki si haba. Ndimu, siki, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili mbichi vikisagwa pamoja na dania kidogo hutoa chatne kali isiyohitaji chumvi. Kachumbari yaweza kuwa ya vitunguu na matango, nyanya ikapunguzwa. Ukienda Marikiti, nunua bizari nzima, iliki na mdalasini ukasage mwenyewe, kwani masala ya biriani ya pakiti mara nyingi huwa yamekwisha kutiwa chumvi kiwandani.