Bahari, Mdai wa Baba

Sikwenda katika shule ile ya sekondari mjini Tanga kwa ajili ya sarufi. Nilikuwa na haja nyingine kwa mwalimu wa Kiingereza, nikaambiwa nimngoje karibu na dirisha la kidato cha pili, na niliyoyasikia hapo yamenikaa moyoni hata leo.

Ilikuwa siku ya marudio. Fasili za noun, adjective, simile na metaphor wanafunzi walizitoa kwa sauti moja, bila ya kukosea hata herufi; lakini walipotakiwa kutunga mfano wao wenyewe, darasa zima liliinamisha vichwa. Ndipo mwalimu, ijapokuwa Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza aghalabu huhesabiwa kosa, alipoandika istiara kando ya metaphor.

"Istiara kwa Waarabu ni kuazima," aliniambia baadaye, mikono yake ingali na vumbi la chaki. "Ukimwita shujaa simba, umeliazima jina la mnyama ukamvika mtu. Nao Wayunani, wenye asili ya neno metaphor, walikusudia kuhamisha, kukitoa kitu hapa ukakipeleka pale. Tashbihi ni ndugu ya kushabihiana. Tashihisi imetokana na shakhsi, yaani mtu. Mubalagha na baleghe ni shina moja, la kufikia, maana mwenye kutia chumvi amefika mpaka akapita. Mtoto akilijua hilo hahitaji kukariri."

Naam, mle darasani, neno istiara lilipokwisha andikwa, binti mmoja wa mvuvi alisimama, akasema kwa Kiingereza cha kusitasita kwamba bahari ni mdai wa baba yake, kwa kuwa kila alfajiri humwita naye hathubutu kukataa. Nimesoma vitabu vingi vya fasihi, wala sikumbuki istiara iliyonigusa kuliko hiyo.

Hata hivyo mwalimu hakuwa na furaha kamili, kwani neno kinaya lilikuwa likimsumbua. Sisi hulitumia kwa maana ya irony, yaani kusema hili na kukusudia kinyume chake; Waarabu, tofauti na sisi, hukusudia kulitaja jambo kwa dalili yake, kama wamwitavyo karimu mwingi wa majivu, kwa sababu jiko lake halizimiki kwa wageni. "Sasa niwafundishe ipi," aliuliza, "nami nina dakika arubaini, na mtihani hautauliza neno limetoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwuliza badala yake juu ya mtoto ashukaye kutoka Lushoto, aliyelelewa kwa Kisambaa, ambaye kwake istiara na metaphor huenda zote mbili zikawa ngeni sawasawa. Aliufuta ubao wote kwanza, kisha akasema kwamba amekwisha mwomba mmoja wa watoto wa huko amletee neno la kwao la kuazima, na kwamba bado anamngoja.