Wiki ya mwezi: wavuvi wa sambaza wanavyofundishana

Ndugu wanachama, wengi wenu ni wakulima na hamjawahi kukesha ziwani. Lakini sambaza mnamjua. Anauzwa Goma, Sake, Minova, akiwa mbichi, mkavu au wa kukaanga, na mara nyingi mnatuuliza kwa nini bei yake inashuka halafu inapanda tena ndani ya mwezi mmoja. Jibu liko angani.

Sambaza anavuliwa usiku kwa taa. Kukiwa na giza nene, mwanga wa mvuvi unamvuta kutoka mbali. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima lina mwanga, samaki wanatawanyika, na taa yako haina kazi tena. Ndiyo maana siku za mwezi mpevu vikosi vingi vinabaki ufukweni. Kijana akitaka kwenda kwa nguvu anaambiwa tu: «Mwezi iko juu, enda ulale.»

Kumbe siku hizo hawalali. Pita ufukweni mchana wakati huo, utaona nyavu zimetandazwa, watu wamekaa chini na sindano za mbao wanashona matundu, mitumbwi imegeuzwa inazibwa. Na midomo haifungwi. Mimi nilidhani ni porojo. Nilipokaa nao kidogo niliona kwamba hapo ndipo kazi yenyewe inafundishwa, na kila mtu anasikia, hata wa kikosi kingine.

Hii si kawaida. Kwa wakulima tunajua mtu anayeficha mbegu yake nzuri. Kwa nini mvuvi aseme wazi mahali alipopata samaki juzi?

Samaki mgeni

Sehemu ya jibu ni historia. Sambaza si mtoto wa Ziwa Kivu. Zamani ziwa hili lilikuwa na aina chache za samaki, na zilikaa zaidi pembeni. Katikati maji yalikuwa kama shamba lisilolimwa. Kati ya mwaka 1958 na 1960 vifaranga vya ndagala vilibebwa kutoka Ziwa Tanganyika na kumwagwa Kivu. Aina iliyotarajiwa zaidi haikushika. Iliyoshika ni ile ambayo wataalamu wanaiita Limnothrissa miodon, ndiyo sambaza wetu. Katika miaka ya 1970 ilionekana amejaa ziwa zima, na mwisho wa miaka hiyo mradi wa FAO uliokuwa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, ulianza kuwafundisha wavuvi wavu wa kuinua.

Kwa hiyo hakuna ukoo unaoweza kusema kazi hii ni urithi wa babu wa babu. Kila anayeijua alionyeshwa na mtu mwingine, na aliyemwonyesha alikuwa bado anajifunza.

Sehemu ya pili ya jibu ni chombo chenyewe. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu ya kalitusi, inayotokeza mbele na nyuma kama pembe za panzi. Wavu mkubwa unaning'inia kwenye miti hiyo. Unashushwa chini, taa zinawashwa, halafu watu wanangoja. Samaki wakishakusanyika, taa za pembeni zinazimwa moja baada ya nyingine mpaka wote wajibane kwenye mwanga uliobaki katikati. Hapo kapita anatoa sauti na wavu unainuliwa pande zote kwa pamoja. Upande mmoja ukichelewa, samaki wanamwagika kama mchele kwenye gunia lililopasuka. Nyimbo mnazozisikia jioni wakipiga kasia zina kazi hiyo hiyo: mikono ya mitumbwi mitatu iende kwa pigo moja. Mtu mmoja mwenye siri hawezi kuvua hivi. Siri yake ataifanyia nini peke yake?

Tena watu wa vikosi wanahama. Mwaka huu uko kwa kapita huyu, mwaka ujao kwa mwingine, na unahama na ulichokijua.

Wanachoambiana

Kwanza, kina. Kivu ina kina cha karibu mita 485, lakini usidanganyike. Samaki anaishi kwenye tabaka la juu tu, mita 30 mpaka 70 hivi kulingana na majira. Chini ya hapo hakuna hewa ya kupumua, kuna gesi iliyoyeyuka ndani ya maji. Katika ghuba ya Kabuno, karibu na Sake, maji hayo mabaya yanaanza karibu mita 10 tu. Mtu akishusha wavu chini sana anachosha mikono bure. Wakati wa kiangazi upepo unachanganya maji ya juu, chakula cha samaki kinaongezeka, na wavuvi wanabadilisha kina. Hesabu hiyo haiko kwenye karatasi yoyote. Inasemwa wakati wa kushona nyavu: «Sisi tuliwapata juu kabisa, ninyi je?»

Pili, taa. Zamani ilikuwa karabai za petroli, zenye gharama na kelele, na upepo ukizivunja usiku umekwisha. Siku hizi wengi wana ampulu za betri, wengine wanazichaji kwa jua. Wavuvi walipimiana wenyewe: ampulu ngapi, zikae juu ya maji kiasi gani, betri inadumu saa ngapi. Aliyenunua betri mbovu aliwaambia wenzake duka gani wasiende. Msaada huo peke yake umeokoa dola nyingi kuliko semina zetu, tuseme ukweli.

Tatu, dhoruba. Kundi hili la mitumbwi mitatu ni zito na halikimbii. Majira ya mvua, umeme ukianza kupiga milimani na upepo uliokuwepo ukakatika ghafla, wazoefu hawasubiri mvuto mmoja zaidi. Wanainua wavu mtupu na kurudi. Vijana wanakasirika. Wiki ya mwezi wanaelezwa kwa nini.

Nne, na hapa tusikilizane vizuri hata sisi tusiovua: mazuku. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inajikusanya kwenye mabonde na mashimo, hasa upande wa magharibi wa Goma kuelekea Sake. Inaua usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo wa kuitawanya. Mvuvi anayerudi saa kumi za alfajiri, amechoka, anatafuta mahali pa chini pasipo na baridi alale kidogo. Hapo ndipo watu wamekufa. Wenye kujua hulala mahali pa juu, na wakiona ndege au mbuzi amekufa kwenye bonde bila kidonda hawashuki. Ukimwona mwenzako ameanguka humo, usikimbie kumshika. Wa pili ataanguka juu ya wa kwanza. Itisha watu.

Wazee wanakumbusha jambo moja kuhusu zile taa mpya. Karabai au mshumaa ukishushwa ndani ya mazuku mazito huzimika. Ampulu ya betri inaendelea kuwaka tu, haikuambii kitu. Lakini na moto wenyewe si wa kuaminiwa: gesi inaweza kukulegeza kabla moto haujafa. Moto ukizimika, tayari umechelewa kutoka.

Mahali urafiki unapokatika

Nisiseme kwamba wote ni malaika. Kuna wanaovua pembeni kwa chandarua cha mbu, kile kile kilichogawiwa kukinga watoto malaria. Sambaza mkubwa anaishi katikati, lakini wadogo wanakulia karibu na ukingo. Chandarua hakichagui. Beseni moja la vifaranga, linalouzwa kwa bei ya chini, ni samaki wengi sana ambao wangefika kwenye wavu wa kuinua baada ya miezi michache.

Nimesikia ugomvi mkali juu ya hilo. Wenye mitumbwi mitatu wanawaita wa chandarua wezi. Wa chandarua wanajibu kwamba wao hawana mtaji wa mitumbwi, nyavu na betri, na watoto wanakula leo. Wote wawili wanasema kweli. Kukamata na kuchoma vyandarua kumefanyika, na vimerudi. Kilichosaidia zaidi kidogo, pale kilipojaribiwa, ni kumchukua kijana wa chandarua na kumpa nafasi kwenye kikosi, apige kasia na agawiwe samaki kama wengine. Akishakaa na wenzake wiki za mwezi mbili tatu, anaanza yeye mwenyewe kuwafukuza walioko ukingoni. Nafasi lakini hazitoshi. Na kuna nyakati usalama unazuia watu kutoka usiku kabisa. Hapo hata kikosi kizima hakina kazi, na ukingo unajaa.

Kwa ushirika wa wakulima

Mama wanaokausha sambaza, nunueni usiku wa giza, siku zilizo karibu na mwezi mwandamo, samaki wanapokuwa wengi. Uzeni mwezi ukiwa mpevu. Angalieni tu kwamba siku za mvua samaki asiyekauka vizuri anaoza kabla hiyo bei nzuri haijafika, kwa hiyo msijaze ghala kuliko meza zenu za kukaushia.

Wenye kalitusi: vikosi vinatafuta miti mirefu, iliyonyooka, myembamba kuliko ya kujengea nyumba, isiyo na fundo kubwa. Imenyeni maganda na muikaushe kivulini, jua kali linaipasua. Ipelekeni ufukweni wiki ya mwezi. Ndipo wanapobadilisha iliyovunjika, na kapita wote wako pale pamoja, mtawasikia wakibishana ni mti wa nani unaodumu.