Angélique Kidjo: Aliondoka kwao kwa siri ili aimbe atakacho

Wasomaji wetu wengi wa Afrika Mashariki walilisikia jina la Angélique Kidjo kwa mara ya kwanza kupitia wimbo ambao si wa kwao Benin hata kidogo. Mwaka 1991 mwanamama huyo alitoa albamu iitwayo Logozo na ndani yake akaweka Malaika, wimbo uleule wa kijana mwenye mapenzi lakini asiye na kitu mfukoni, ambao Fadhili William aliurekodi Kenya na ambao mpaka leo watu wanabishana ni nani hasa aliyeutunga. Kabla ya hapo Miriam Makeba alikuwa ameshauzungusha dunia nzima, na Makeba ndiye aliyekuwa mfano wa Kidjo tangu utotoni. Kiswahili chake kina lafudhi ya mgeni, na wapo waliocheka. Sisi tulifurahi, maana mwimbaji aliyetafutwa na kampuni kubwa ya Island Records angeweza kuambiwa aimbe Kiingereza tu, na hakukubali.

Kwa nini hakukubali? Jibu lipo katika jinsi alivyoondoka kwao.

Kidjo alizaliwa tarehe 14 Julai 1960 katika mji wa Ouidah, wiki chache kabla Dahomey haijapata uhuru. Baba yake, Franck, alikuwa mfanyakazi wa posta aliyependa muziki na kupiga picha. Mama yake, Yvonne, aliongoza kikundi cha maigizo na ngoma, na binti alipandishwa jukwaani akiwa na miaka sita. Kaka zake walikuwa na bendi yao. Nyumbani zilisikika sauti za Makeba, James Brown, Jimi Hendrix na Bella Bellow wa Togo, na pia Celia Cruz wa Cuba, ambaye Kidjo alimwona kwa macho yake alipokuja kufanya onyesho Benin. Kwa msichana aliyezoea kuona wanaume ndio wanaotawala muziki wa salsa, lilikuwa jambo kubwa.

Mwaka 1972 Mathieu Kérékou alichukua madaraka kwa mapinduzi. Miaka mitatu baadaye nchi ikabadilishwa jina ikawa Jamhuri ya Watu wa Benin, yenye itikadi ya Umaksi na Ulenin. Wasanii walitakiwa kuusifu utawala. Wasomaji waliokulia katika enzi za chama kimoja hawahitaji kuelezwa zaidi: redio ni moja, sifa ni za mtu mmoja, na msanii anayenyamaza naye anaulizwa kwa nini amenyamaza.

Kuna kisa kimoja ambacho Kidjo mwenyewe amekisimulia mara nyingi. Akiwa na miaka 15 hivi alimwona Winnie Mandela kwenye televisheni, akaelewa kwa mara ya kwanza ubaguzi wa Afrika Kusini ni kitu gani, akaandika wimbo uliojaa hasira. Baba yake alimwambia kwamba nyumba ile haitaimba chuki, akauandike upya. Akauandika upya. Mtoto wa namna hiyo, aliyefundishwa na baba yake kupima kila neno analoliimba, asingeweza kuletewa maneno na ofisi ya chama.

Basi mwaka 1983 aliondoka kwa siri, akaenda Paris. Alifikiria kuwa mwanasheria wa haki za binadamu, kisha akarudi kwenye muziki. Alisoma katika chuo cha muziki wa jazi cha CIM huku akifanya vibarua vya hapa na pale apate ada. Maisha hayo wengi wetu huku ughaibuni tunayajua bila kusimuliwa. Akaimba na kundi la Pili Pili la mpiga kinanda Jasper van 't Hof wa Uholanzi, akakutana na Mfaransa Jean Hebrail, mwanamuziki, ambaye alifunga naye ndoa mwaka 1987. Mpaka leo ndiye mwenzake katika kutunga.

Albamu yake Parakou ilimfikia Chris Blackwell, yule aliyemtangaza Bob Marley duniani, na ndipo ikaja Logozo. Neno hilo kwa Kifon ni kobe, mnyama anayetembea na nyumba yake mgongoni. Katika albamu hiyohiyo mna kibao Batonga. Usilitafute neno hilo kwenye kamusi. Alilibuni mwenyewe akiwa msichana, awajibu wavulana waliokuwa wakimcheka kwa kuwa anakwenda shule. Baadaye akalitumia kuwa jina la taasisi yake inayosaidia wasichana wa Afrika kupata elimu. Tangu 2002 pia ni balozi wa hiari wa UNICEF.

Itakumbukwa kwamba mwaka huohuo wa 1991 Kérékou alishindwa katika uchaguzi wa vyama vingi. Kidjo angeweza kurudi kwao moja kwa moja. Hakurudi, mwaka 1997 akasogea mbali zaidi, New York. Hapo ndipo watu wengine hunung'unika kwamba msanii akishakaa huko si wetu tena. Hatukubaliani nao, na sababu yetu ni kazi yenyewe.

Ouidah ilikuwa bandari ya watumwa. Kutoka ufuoni pale Waafrika wasiohesabika walipelekwa Brazili, Cuba, Haiti. Kidjo akiwa Marekani alianza kuwafuata kwa nyimbo: Oremi (1998) kwa Wamarekani weusi, Black Ivory Soul (2002) kwa watu wa Bahia, Oyaya! (2004) kwa visiwa vya Karibiani. Huku akiimba Kifon na Kiyoruba, kana kwamba anawaita ndugu kwa majina yao ya zamani.

Djin Djin ya 2007 ndiyo iliyompa Grammy yake ya kwanza, ingawa kwa masikio yetu ina wageni wengi mno, mpaka mwenye nyumba anatafutwa. Tunaipenda zaidi Eve, iliyopata tuzo mwaka 2015, ambayo imejaa sauti za kwaya za wanawake wa Afrika na kufunguliwa na M'Baamba, wimbo wenye asili ya Kenya.

Mwaka 2018 alifanya jambo la ujasiri. Alichukua albamu nzima ya Remain in Light ya kundi la Talking Heads, iliyotoka 1980 ikiwa imechota kwa Fela Kuti, akairudia yote kwa namna yake, na ngoma zikapigwa na Tony Allen aliyekuwa na Fela. Alipoufikia muziki ule Paris mwaka 1983, alisema unatoka Afrika. Wakamjibu kuwa Mwafrika hawezi kitu cha hali ya juu namna hiyo. Jibu lake lilichukua miaka 35.

Mwaka 2020 alipata Grammy kwa Celia, akaitoa kwa heshima ya Burna Boy wa Nigeria ambaye naye alikuwa akiwania. Miaka miwili baadaye Mother Nature ikamshinda Wizkid, na vijana wa Lagos walilalamika sana. Ilikuwa Grammy yake ya tano. Lakini ndani ya albamu hiyo walikuwamo Burna Boy, Yemi Alade na Mr Eazi, watoto ambao yeye ni rika la mama zao. Mwaka 2023 Sweden ikamkabidhi tuzo ya Polar.

Kati ya yote hayo, sisi tunairudia picha ya tarehe 11 Novemba 2018. Paris iliadhimisha miaka 100 tangu kumalizika Vita Kuu ya Kwanza, na viongozi wa dunia walikaa chini ya lango la Arc de Triomphe. Yule aliyeingia mji huo akikimbia amri ya kusifu wakubwa alisimama mbele yao akaimba Blewu, wimbo wa Bella Bellow wa Togo, kuwakumbuka askari wa Kiafrika waliokufa katika vita hivyo. Wetu wa Afrika Mashariki nao walibebeshwa mizigo ya vita hivyohivyo, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililogeuka kuwa Kariakoo.