Taa ya Chumbe

Katika kisiwa cha Chumbe, kilomita zipatazo 12 kusini-magharibi mwa mji wa Zanzibar, umesimama mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, Zanzibar ilipokuwa chini ya himaya ya Waingereza, nao hadi leo ungali unawaongoza manahodha wapitao penye miamba ambayo usiku haionekani. Kimo chake cha takriban mita 34 si cha fahari. Kwa kuwa uso wa bahari hufuata mviringo wa dunia, taa iliyo mita 34 juu ya maji huweza kuonekana na mtu aliye usawa wa bahari kutoka kilomita zipatazo 21, ilhali ikishushwa hadi mita 5 haivuki kilomita 8.

Mwaka 1926 taa hiyo iliwekewa mtambo wa asetilini, yaani gesi itokanayo na kabidi ikitiwa maji, ambayo mwanga wake ni mkali lakini hulipuka kwa urahisi ikigandamizwa peke yake. Aliyeituliza gesi hiyo ni mhandisi wa Sweden, Gustaf Dalén, aliyeihifadhi mitungini ikiwa imeyeyushwa katika asetoni iliyonyonywa na kitu chenye vitundu vidogo mno. Aliongeza kifaa kinachoitoa gesi kwa vipindi ili taa imweke badala ya kuwaka mfululizo, na hivyo sehemu kubwa ya gesi ikaokolewa. Uvumbuzi wake wa kustaajabisha zaidi, hata hivyo, ni vali ya jua, ambamo ufito mweusi hufyonza mwanga wa mchana, hupata joto na kurefuka kuliko fito zing'aazo zilizo kando yake, ukaifunga njia ya gesi, kisha giza linapoingia husinyaa na kuifungua bila mkono wa mtu. Kwa kazi hiyo Dalén alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1912, mwaka uleule ambao mlipuko wa asetilini ulimpofusha.

Setilaiti za kuongozea vyombo hazijaiondolea taa ya Chumbe thamani, kwa maana chombo kidogo kisicho na vifaa vya umeme huihitaji kama zamani, na matumbawe ya Chumbe, yanayohifadhiwa kisheria tangu 1994, huihitaji vilevile: tumbawe la jamii ya Porites hukua kwa takriban sentimita 1 kwa mwaka, hivyo jiwe lake la kimo cha mita 2, ambalo meli iliyopotea njia ingelivunja mara moja, limechukua karne zipatazo mbili kujijenga.